Taamuli ya Kibudha katika Mizani ya Sayansi

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi mara 12 hadi 20 hivi kwa dakika, na mara nyingi hufanya hivyo bila ya kujua. Yapata miaka 2,500 iliyopita, kaskazini mwa Bara Hindi, Siddhartha Gautama, ambaye wafuasi wake humwita Budha, yaani Aliyeamka, aliwafundisha wanafunzi wake kuitumia pumzi hiyo hiyo kuwa chombo cha kuichunguza nafsi. Kwa karne nyingi mafunzo hayo yalihifadhiwa hasa na watawa. Katika karne ya 20 yaliingia gerezani, hospitalini na hatimaye shuleni. Makala haya yanaeleza mazoezi hayo ni nini, yametumiwaje, na sayansi imeyapimaje.

Maana ya taamuli

Maandiko ya kale ya Ubudha wa Sri Lanka, Thailand na Myanmar (zamani Burma) yameandikwa kwa lugha ya Kipali. Neno la msingi humo ni sati, ambalo asili yake ni kukumbuka. Katika mazoezi maana yake ni kuwa macho, yaani kutolisahau jambo linalotendeka sasa hivi. Neno la pili ni vipassana, maana yake kuyaona mambo waziwazi jinsi yalivyo.

Zoezi lenyewe ni rahisi kulieleza, ila ni gumu kulitenda. Mtu huketi wima, hufumba macho, kisha huelekeza fikira zake puani, mahali pumzi inapoingia na kutoka. Haibadilishi pumzi, huitazama tu. Haupiti muda fikira hutoroka, zikaenda kwenye deni, ugomvi wa jana au mtihani wa kesho. Atambuapo kwamba zimetoroka, huzirudisha bila ya kujilaumu. Kurudisha huko ndiko kiini cha zoezi. Baadaye huchunguza hali za mwili kwa njia hiyo hiyo: maumivu, joto, mwasho, hazikimbii wala hazing'ang'anii.

Manufaa yake katika maisha ya kila siku ni rahisi kuyafahamu. Mtu akitukanwa, mwili hutangulia ulimi: moyo hudunda, uso hupata moto, ngumi hukaza. Aliyezoea kuzitambua dalili hizo zinapoanza hupata nafasi, japo ndogo, ya kuchagua jibu lake. Asiyezitambua hujikuta amekwisha kujibu.

Kuna msingi wa kimwili pia. Moyo huongeza kasi kidogo mtu anapovuta pumzi na kuipunguza anapoitoa. Mabadiliko hayo huongozwa hasa na mshipa wa fahamu uitwao vagasi, utokao katika shina la ubongo hadi moyoni na tumboni. Kwa hiyo pumzi na mapigo ya moyo ni vitu vilivyofungamana.

Gereza la Tihar

Mwaka 1969 S. N. Goenka, mfanyabiashara wa asili ya Kihindi aliyezaliwa Mandalay nchini Burma mwaka 1924, alianza kufundisha vipassana nchini India. Mwalimu wake, U Ba Khin, hakuwa mtawa bali mhasibu mkuu wa serikali ya Burma. Mafunzo ya Goenka huchukua siku 10. Siku za mwanzo hutumiwa kutazama pumzi, kisha hali za mwili, na wanafunzi hukaa kimya karibu muda wote.

Mafunzo hayo yalifanyika gerezani Jaipur mwaka 1975. Lakini yaliyovuta macho ya wengi ni yale ya Tihar, Delhi, yaliyoanza Novemba 1993, wakati Kiran Bedi alipokuwa mkuu wa magereza ya mji huo. Tihar ilikuwa na msongamano mkubwa, na wengi waliokuwamo walikuwa mahabusu waliongojea kesi zao. Aprili 1994 zaidi ya watu 1,000 walishiriki kwa pamoja. Baadaye ilielezwa kwamba hasira na uhasama vilipungua miongoni mwa walioshiriki.

Hapa mwanafunzi wa sayansi hana budi kusimama na kuuliza maswali. Walioshiriki walijitolea wenyewe. Je, hawakuwa tayari wenye nia ya kubadilika? Tena, katika kipindi hicho hicho Bedi alianzisha madarasa ya kusoma na kuandika, na sanduku la malalamiko. Je, ni lipi kati ya hayo lililoleta utulivu? Jambo moja kufuatana na jingine halithibitishi kwamba la kwanza limelisababisha la pili.

Hospitalini

Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mtaalamu wa baiolojia ya molekuli, alianzisha mafunzo katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa na maumivu ya muda mrefu ambayo tiba ya kawaida haikuyaondoa. Aliyachukua mazoezi ya Kibudha na kuacha mafundisho ya dini.

Baadaye wataalamu wa Uingereza na Kanada waliyarekebisha mafunzo hayo kwa watu waliopona sonona, ugonjwa wa huzuni nzito ambao aghalabu hurudi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, watu 145 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Miongoni mwa wale waliokuwa wameugua mara 3 au zaidi, asilimia 66 ya waliopata matibabu ya kawaida walirudiwa na ugonjwa, lakini waliopata mafunzo pia ni asilimia 37 tu waliorudiwa. Kwa wale waliougua mara 2 tu, mafunzo hayakuonyesha faida.

Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walikusanya majaribio 47 yenye watu 3,515. Waliona kwamba taamuli hupunguza kwa kiasi wahaka, huzuni na maumivu. Hawakupata ushahidi kwamba inazidi tiba nyingine, kama vile dawa au mazoezi ya viungo.

Shuleni

Matokeo ya utafiti mkubwa wa Uingereza, uliohusu shule 85 na wanafunzi zaidi ya 8,000 wenye umri wa miaka 11 hadi 14, yalitolewa mwaka 2022. Shule zilizofundisha taamuli hazikupata matokeo bora kuliko zilizoendelea na masomo yao ya kawaida ya malezi. Wanafunzi wengi hawakufanya mazoezi nyumbani. Lililomfaa mgonjwa mzima aliyelitafuta mwenyewe si lazima limfae mtoto aliyepangiwa katika ratiba.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wapime mapigo ya moyo kwa dakika moja na kuyaandika. Kisha darasa ligawanywe kwa kura. Kundi A litazame pumzi kwa dakika 5. Kundi B lisome kitabu kimyakimya kwa muda huo huo. Wote wapime tena, na wastani wa makundi mawili ulinganishwe. Mapigo yakishuka sawasawa katika makundi yote, kilichotuliza moyo ni kule kuketi kimya. Asiyetaka kufumba macho asilazimishwe, na atakayejisikia vibaya aache. Baadhi ya watu huamshiwa hofu au kumbukumbu chungu na zoezi hili.

Hitimisho

Taamuli humfunza mtu kuitambua hasira yake kabla haijamtawala. Hilo si jambo dogo. Lakini mahabusu wa Tihar aliyejifunza kutazama pumzi yake bado alihitaji hakimu wa kuisikiliza kesi yake. Utulivu wa nafsi na marekebisho ya jamii ni kazi mbili, na moja haichukui nafasi ya nyingine.

Maswali

1. Eleza tofauti kati ya kuitazama pumzi na kuibadilisha.
2. Kwa nini watu 145 wa utafiti wa mwaka 2000 waligawanywa kwa kura?
3. Kama ungepewa kazi ya kupima mafunzo ya Tihar upya, ungelipangaje jaribio lako?