Safari ya Kwanza Kuufuata Mto Gucha

Wengi wetu tumevuka Mto Gucha ndani ya matatu, lakini ni wangapi wameufuata hadi unakoishia? Hebu tuipange safari hiyo hatua kwa hatua.

Kwanza, jueni njia. Chanzo cha mto ni vilima vya Kiabonyoru, Nyamira. Kutoka huko hupita nchi ya Abagusii hadi Ogembo, kisha huteremkia kwa Wajaluo. Huko msiulize Gucha, ulizeni Kuja (nalo si kitenzi, jamani!). Mto ni ule ule. Huungana na Mto Migori, halafu huingia Ziwa Viktoria huko Nyatike. Mkitoka Ogembo, rudini Kisii mjini mpande gari la Migori kupitia Rongo na Awendo.

Pili, chagueni wakati. Masika ni Machi hadi Mei. Januari na Februari mvua hupungua. Tena kwetu mvua hupenda kunyesha alasiri, basi ondokeni asubuhi.

Tatu, na hili ndilo kubwa: msidanganywe na jua la Nyatike. Mvua ikinyesha huku milimani, maji huteremka na kufurika kule tambarare, hata kama kwao halijaanguka tone. Kabla ya kuvuka popote, muulizeni mwenyeji. Akisema ngojeni, ngojeni. Wahenga walisema, maji usiyoyafika hujui wingi wake.

Na mkifika ziwani, kumbukeni kwamba maji hayo yalipita kwetu.