Dondoo Muhimu: Vitabu vya Historia kwa Wakati wa Likizo

Mzazi au mwalimu amchaguliaye mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili kitabu cha historia cha kusoma likizoni, na aanze na kitabu kisimuliacho maisha ya mtu mmoja, kwa kuwa akili ya kijana hushika taabu na furaha za binadamu upesi kuliko orodha ya tarehe. Na kwa sababu hiyo *Wasifu wa Siti binti Saad*, alioutunga Shaaban Robert, ni mlango mwema wa kuingilia Unguja ya zamani.

Cha pili na kiwe tamthilia. *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyotoka mwaka 1969, ni fupi, nayo yahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walakini ni wajibu kijana aambiwe mapema kwamba mtunzi amebuni mengi, kisha, akiisha kuisoma, aulizwe ni yapi ayaonayo pia katika kitabu chake cha darasani.

Penye habari za utumwa yahitajiwa hadhari zaidi. Maisha ya Tippu Tip, aliyoyaeleza mwenyewe, ni hazina adhimu, lakini hiyo ni sauti ya tajiri wa pembe aliyekuwa na bunduki, wala sitaki kijana aisikie peke yake: na asome pia *Uhuru wa Watumwa* cha James Mbotela, mzao wa watumwa walioachwa huru, huku akitambua jinsi mwandishi huyo anavyowasifu mno Waingereza.

Si lazima vyote visomwe likizo moja: vitabu vitatu vyatosha, na kimojawapo kijana achague mwenyewe, hata kikiwa cha picha.