Dondoo Muhimu: Riwaya za kutisha na siri ya hofu yake

Damu nyingi si lazima itishe. Anza na hizi, uangalie mwandishi anavyokunasa:

• Dracula (Bram Stoker, 1897): Imeandikwa kwa shajara, barua na telegramu. Jonathan, mgeni kasrini, ananyoa ndevu, mwenye kasri anamshika bega, lakini kiooni hayumo! Kila mhusika anajua kipande tu. Msomaji anayejua zaidi ndiye anayetetemeka.

• The Haunting of Hill House (Shirley Jackson, 1959): Eleanor ameshika mkono wa mwenzake gizani. Taa zinawaka, kumbe mwenzake yuko kitandani kwake, upande wa pili wa chumba. Mzimu hauonekani, na hapo ndipo penye kitisho.

• Pet Sematary (Stephen King, 1983): Baba aliyefiwa na mwanawe ameonywa asijaribu kumfufua, lakini uchungu unamzidi akili. Inatisha kwa sababu mzazi yeyote angeshawishika.

• Mirathi ya Hatari (C. G. Mung'ong'o, 1977): Kijana wa Kitanzania anarithishwa uchawi na babake. Adui hatoki mbali, yumo ukooni.

Zingatia: Soma kitabu kabla ya kutazama filamu yake. Ukishaiona sura ya zimwi kwenye skrini, akili yako haitajichorea la kwake.