Siala: Kupanda si Kazi, Kazi ni Kulea



Vikundi vingi hupenda kupanda mti wa maua kwenye lango la shule, uwanja wa zahanati au mbele ya boma. Ni jambo jema. Lakini kabla ya kushika jembe tujiulize maswali mawili. Je, tupande mti gani? Na tukishaupanda, nani ataulea?

Katika somo hili tutatumia mti mmoja ambao wengi wetu tunaujua. Wajaluo huuita siala, Waluhya lusiola, na Wakikuyu muu. Kule pwani kuna ndugu yake aitwaye mtalawanda. Wataalamu huuita Markhamia lutea. Maua yake ni ya manjano, yana umbo la tarumbeta, na ndani ya koo la ua kuna mistari ya rangi nyekundu-kahawia. Ukichanua, boma lote linang'aa.

Kwa nini siala?

Siala ni mti wa kwetu, haukuletwa na meli. Hustawi vizuri katika nchi iliyo kati ya mita 900 na 2,000 juu ya usawa wa bahari, yaani sehemu kubwa ya Nyanza, Magharibi na milima ya kati. Hupenda udongo mwekundu wenye rutuba, na hata udongo mzito huuvumilia. Kitu usichokitaka ni maji yanayosimama.

Uzuri wake si wa macho tu. Nyuki hupenda maua yake. Mbao zake hutengeneza viti, mipini ya majembe na sehemu za mashua za ziwani. Nguzo zake hazishindwi upesi na mchwa, kwa hiyo wajenzi huzitafuta. Mzizi wake mkuu huenda chini sana, hivyo haugombani sana na mahindi.

Tahadhari moja: si kila ua la manjano ni rafiki. Kuna mti uitwao Senna spectabilis, wenye asili ya Amerika ya kitropiki, ambao nao hupandwa kwa urembo. Maua yake hukaa kwa mafungu kwenye ncha za matawi, wala hayana umbo la tarumbeta. Mti huo umeingia msitu wa Budongo huko Uganda na hifadhi ya Mahale huko Tanzania, ukawa unasonga miti ya asili. Basi ukipewa mche wa "maua ya manjano", uliza kwanza ni mti gani.

1. Mbegu: chagua mama mzuri

Fikiria jambo hili. Mtu akihitaji nguzo, hukata siala gani? Hukata ile iliyonyooka. Mwaka ujao vilevile. Mwishowe kijijini inabaki ile iliyopinda tu, na hiyo ndiyo inayotoa mbegu. Halafu tunalalamika kwamba siala za siku hizi hazinyooki kama zile za wazee!

Kwa hiyo kikundi kichague miti mama. Itafuteni miti iliyonyooka, yenye afya, isiyo na magonjwa. Msichukue mbegu kwa mti mmoja tu. Chukueni kwa mingi iliyo mbalimbali, kisha mchanganye. Ongeeni na wenye miti hiyo wakubali kuiacha isimame.

Maganda ya mbegu ni marefu na membamba, yananing'inia kama kamba. Yachume yakishageuka kahawia lakini kabla hayajapasuka, kwa sababu mbegu ni nyepesi, zina mabawa, na upepo huzibeba. Yaanike juu ya gunia mpaka yafunguke, kisha uyakung'ute. Hakuna haja ya kuchemsha wala kuloweka. Panda mbegu zikiwa mbichi, usiziweke mpaka mwaka mwingine.

Njia nyingine ni kuokota miche iliyojiotea chini ya mti mama. Ing'oe siku ya mvua, wakati ingali midogo, na uifunge kwa majani mabichi ya mgomba isikauke njiani.

2. Kitalu

Tengeneza tuta lililoinuka kidogo karibu na maji. Changanya udongo wa juu, mchanga, na samadi iliyooza vizuri. Mwaga mbegu, halafu zifunike kwa udongo mwembamba sana. Ukizifukia sana hazitoki. Weka nyasi juu, na uziondoe mara tu miche inapochungulia. Jenga kivuli chepesi. Mwagilia asubuhi na jioni kwa kopo lenye matundu madogo.

Miche ikiwa na majani mawili ya kweli, ihamishie kwenye makopo yaliyotobolewa chini au vikopo vya magamba ya mgomba. Shika jani, usishike shina, maana shina likiminywa mche umekufa. Mizizi ikitokeza chini ya kopo, ikate. Wiki chache kabla ya kupanda, punguza kivuli na maji pole pole ili mche uzoee jua la shambani.

3. Kupanda

Ngoja mvua ishike, siyo ile ya siku moja. Mche uwe na urefu wa futi moja hivi.

- Chimba shimo la futi moja na nusu kwenda chini, na upana huohuo. Weka udongo wa juu upande mmoja na wa chini upande mwingine.
- Changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, urudishe huo kwanza.
- Toa kopo bila kuvunja bonge la udongo. Panda mche usawa uleule uliokuwa nao kwenye kopo.
- Kanyaga kidogo kuzunguka mche ili hewa isibaki kwenye mizizi.

Kama ni wa urembo na kivuli, acha hatua 5 au 6 kati ya mti na mti. Kama ni wa nguzo kando ya shamba, hatua 3 zinatosha. Usiupande chini ya nyaya za stima wala karibu na ukuta wa nyumba.

4. Miaka miwili ya kwanza

Hapa ndipo penye kazi. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa siku ya mapumziko ili watu wapande miti, na lengo la serikali ni miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032. Kuchimba shimo siku hiyo ni rahisi, watu ni wengi na nyimbo zipo. Lakini Januari jua likiwaka na mbuzi wakizurura, nani yuko pale?

Profesa Wangari Maathai alipoanzisha Green Belt Movement mwaka 1977, akina mama walilipwa kitu kidogo kwa miche iliyoshika na kuishi. Hiyo ni hekima ambayo kikundi chochote kinaweza kuifuata. Katika daftari lenu, msiandike tu "miche 100 imepandwa". Andikeni pia iliyo hai baada ya miezi 6, baada ya mwaka, na baada ya miaka 2. Hesabu hiyo ndiyo ya kweli.

Malezi yenyewe ni haya: palilia duara la mita moja kuzunguka mche. Tandaza majani makavu, lakini yasiguse shina, yasije yakakaribisha mchwa. Zungushia miiba dhidi ya mbuzi na ng'ombe. Kiangazi kikiwa kikali, mpe maji mengi mara moja kwa wiki kuliko kikombe kila siku. Maji yakienda chini, mizizi nayo huyafuata.

5. Kupogoa na kuvuna

Samaki mkunje angali mbichi. Siala ikiachwa hutoa matawi mapema na kupinda. Kata matawi ya chini mti ukiwa mdogo, kwa panga kali au msumeno, karibu na shina bila kuchubua ganda. Acha zaidi ya nusu ya mti ikiwa na majani, la sivyo utakosa nguvu. Matawi uliyokata ni kuni, na majani ni mboji.

Ukishavuna nguzo, using'oe kisiki. Kitachipua. Chagua machipukizi 2 au 3 yenye nguvu, kata mengine. Umepata mti mwingine bila kitalu.

6. Mti ni wa nani?

Hili tusilifiche. Sehemu nyingine za Magharibi, mila imesema mwanamke asipande mti, kwa kuwa mti ni alama ya mwenye shamba. Mama analea mche miaka kumi, kisha siku ya kuvuna haulizwi neno. Na mti wa mpakani, usipokubaliana na jirani, huleta kesi kwa chifu.

Kwa hiyo kubalianeni kabla ya kuchimba shimo: mti utakuwa wa nani, nani atavuna, pesa zitagawanywaje. Mume na mke wazungumze nyumbani. Kikundi kiandike makubaliano yake na kila mtu atie sahihi au kidole gumba. Mtu anayejua mti ni wake hatauacha ukauke.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Miche tuliyopanda mvua iliyopita, mingapi ingali hai? Ile iliyokufa iliuawa na nini?
2. Katika kijiji chetu, siala zilizonyooka ziko kwa nani? Tutamwombaje aziache ziwe miti mama?
3. Hapa kwetu mwanamke au kijana anaweza kuvuna mti alioupanda? Kama hawezi, tuanzie wapi?

Kabla hamjaachana, chagueni watu wawili wa kuhesabu miche na tarehe ya kuleta hesabu hiyo mbele ya wote.