OKSIJENI NI DAWA, INA KIPIMO CHAKE

Mama mwenye mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati, usikasirike munganga akipunguza oksijeni. Hamnyimi mtoto. Hewa tunayovuta sisi wote ina oksijeni 21 tu kwa 100. Mapafu ya mtoto huyo hayajamaliza kujengwa, vifuko vyake vidogo vya hewa vingali vinaongezeka. Oksijeni ikizidi siku nyingi inavimbisha mapafu; vifuko vinabaki vichache, na mtoto anaweza kupumua kwa shida miezi mingi. Macho vilevile yanaweza kuharibika.

Kale kamashini kenye kufungwa kwa mguu kanatuonyesha kipimo: tukimpa oksijeni tunatafuta 90 mpaka 95, hapana 100. Chini ya hapo nako ni hatari. Basi usiguse chupa, hata mama mkwe akikuambia. Midomo ikigeuka bluu, ao kifua kikiingia ndani, ita muuguzi mbio, hata usiku.