Unga wa Oti Kwenye Kopo la Lishe
Kijitabu cha elimu ya afya kwa familia za Kampala

Kijitabu hiki ni cha mama anayesimama mbele ya rafu ya duka pale Ntinda au Wandegeya, kopo la unga wa lishe mkononi, akijiuliza kama fedha zake zinakwenda mahali pema. Ni cha baba aliyeambiwa kliniki kwamba kolesteroli yake imepanda, jirani akamletea vidonge vya oti. Ni cha jjajja anayelea wajukuu na kusikia kila siku kwamba uji wa zamani hautoshi tena.

Tuanze na lile lililo muhimu kuliko yote. Oti ni chakula kizuri, na faida yake kwa moyo imepimwa na kuthibitishwa kuliko faida ya vitu vingi vinavyouzwa kwa jina la lishe. Lakini aliyepimwa alikula bakuli zima la oti kila siku. Ukiweka oti kidogo kwenye kidonge, au kijiko kimoja ndani ya kopo la unga wa mahindi na sukari, jina linabaki lile lile na faida inapungua mpaka haipo.

Ute unaofanya kazi

Pika oti kwenye sigiri na uiangalie. Dakika chache baada ya kuchemka maji yanakuwa mazito, mwiko unavuta, na ukiuinua uji unaning'inia kama ute wa bamia. Ute huo unatokana na betaglukani, aina ya nyuzilishe inayoyeyuka majini. Ndani ya utumbo ute huo hushika asidi za nyongo na kutoka nazo chooni. Ini nalo linalazimika kutengeneza nyongo nyingine, na malighafi yake ni kolesteroli, kwa hiyo linaichota kwenye damu. Hivyo ndivyo kolesteroli mbaya inavyoshuka. Ute huo huo huchelewesha sukari ya chakula kuingia kwenye damu.

Kiasi kinachohitajika kinajulikana: gramu 3 za betaglukani kila siku. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilikubali mwaka 1997 kwamba watengenezaji waruhusiwe kuitaja faida hiyo kwa moyo, na mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ikafikia uamuzi wa namna hiyo mwaka 2010. Mtu anayekula kiasi hicho kila siku kwa wiki kadhaa anaweza kuona kolesteroli mbaya imeshuka kwa asilimia 5 hadi 7 hivi. Huo ni msaada wa kweli, ingawa ni mdogo. Mgonjwa aliyeandikiwa dawa za kolesteroli, presha au kisukari aendelee kuzimeza.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopotezwa. Katika gramu 100 za oti kavu mna betaglukani gramu 4 hivi. Ili upate gramu 3 unahitaji gramu 75 za oti, yaani bakuli kubwa la uji mzito, au mabakuli mawili ya kawaida kwa siku. Chukua kidonge cha miligramu 500, na tuseme chote ni unga wa oti mtupu. Ndani yake mna betaglukani miligramu 20. Ungehitaji vidonge 150 kwa siku kufikia kiasi kilichopimwa. Hakuna mgonjwa anayeweza kumeza hivyo, wala hakuna muuzaji anayemshauri hivyo.

Mara nyingi unga wa oti uliomo kwenye vidonge vya vitamini haukuwekwa kwa ajili ya tiba hata kidogo. Ni wa kujazia, ili dawa kidogo ipate umbo la kidonge kinachoshikika. Kazi hiyo inaifanya vizuri na kwa watu wengi haina madhara. Kosa ni kuandika neno oti kwa herufi kubwa mbele ya chupa.

Elimu hii ilianzia Mulago

Wengi wetu tunadhani habari za nyuzilishe zimetoka Ulaya. Sehemu kubwa ilizaliwa hapa hapa Kampala. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Mulago kuanzia miaka ya 1930, na daktari wa upasuaji Denis Burkitt alikuwa hapo kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960. Mwaka 1956 Trowell na mwenzake waliandika katika jarida la tiba la Afrika Mashariki habari ya Mwafrika mmoja mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa sababu wakati ule ugonjwa huo ulikuwa nadra kiasi cha kustahili kuandikiwa makala. Baadaye, mwaka 1972, Burkitt na wenzake walichapisha katika jarida la Lancet vipimo vya choo. Chakula cha wanakijiji wa Uganda kilipita mwilini haraka zaidi kuliko cha Waingereza, na choo chao kilikuwa kingi na laini. Wakahoji: je, matooke, viazi vitamu, maharage na wimbi ndivyo vinavyowalinda na magonjwa?

Jibu la kisayansi limekuja polepole, na halikuwa ndiyo kwa kila swali. Mwaka 2000 zilichapishwa tafiti mbili kubwa za Marekani zilizowafuatilia watu waliokwisha kutolewa vinyama kwenye utumbo mpana, vile ambavyo baadhi yake huweza kugeuka saratani. Katika moja watu walipewa pumba za ngano, katika nyingine walibadilishiwa chakula kizima, na vinyama vilirudi kama kwa wenzao. Kwa hiyo tusimwambie mtu kwamba oti inazuia saratani. Tumwambie kilichothibitishwa: inashusha kolesteroli kiasi, inasaidia sukari isipande kwa kasi baada ya kula, na inalainisha choo.

Na tuseme pia kwamba wale watu wa Burkitt hawakuwa na oti. Walikula vya shambani. Familia isiyomudu oti haijakosa nyuzilishe: maharage, njegere, bushera ya wimbi, viazi vikuu na mboga kama dodo na nakati vinatosha kuujaza mwili. Kwa maoni yetu, nyumba inayopunguza maharage ili inunue kopo la oti imepata hasara.

Geuza kopo nyuma

Kule Kisenyi, penye mashine za kusaga, utaona unga wa mahindi, soya, wimbi, mchele na mukene, yaani dagaa, ukichanganywa na kufungwa kwenye mifuko. Mchanganyiko kama huo ukifanywa kwa usafi ni chakula kizuri sana. Muuzaji atakwambia, "Nnyabo, huu una oti, unashusha presha na sukari, na mtoto ananenepa." Usibishane naye. Geuza mfuko usome viambato.

Kwa kanuni za biashara ya chakula, kiambato kilicho kingi kuliko vyote huandikwa kwanza na kilicho kidogo huandikwa mwisho. Ukikuta mahindi, sukari, soya, kisha oti baada ya vionjo, umenunua unga wa mahindi wenye sukari. Tafuta alama ya ubora ya UNBS, shirika la viwango la taifa lenye makao yake Bweyogerere, na tarehe ya mwisho wa matumizi iliyopigwa chapa, isiyobandikwa juu ya nyingine. Bidhaa inayodai kutibu ugonjwa imeshaingia kwenye dawa. Hiyo ni kazi ya NDA, mamlaka ya dawa, na una haki ya kuuliza kama imesajiliwa huko.

Unga unaofanya maajabu kwa siku mbili tatu, ukashusha sukari au ukakata unene mara moja, uogope. Wakaguzi wa dawa wa nchi nyingi wamekuta dawa za hospitali zimesagwa na kufichwa ndani ya bidhaa zinazoitwa za asili: dawa za kisukari, sildenafili ya nguvu za kiume, hata sibutramini ya kupunguza unene, ambayo ilitolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo. Nyuzilishe ya kweli hufanya kazi taratibu.

Nani awe mwangalifu

Mtoto chini ya miezi 6 anyonye tu. Usimchanganyie unga wa oti kwenye chupa ili alale usiku. Unaweza kumkaba, na unamnyima maziwa yanayomjenga. Baada ya miezi 6, uji wa oti unaweza kuwa mmoja kati ya vyakula vyake huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi, ila usiwe chakula pekee. Kituo cha lishe cha Mwanamugimu, Mulago, kimewafundisha akina mama kwa miongo mingi kupika ekitobero: chakula kikuu, maharage au karanga zilizopondwa, mukene au nyama, na mboga za majani, vyote kwenye jani moja la mgomba. Hakuna kopo tunalolijua linaloshinda jani hilo kwa bei yake.

Mtoto mwenye miguu iliyovimba, au mwenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 ambaye mkono wake wa juu una mzingo usiofika sentimita 11.5, ana utapiamlo mkali. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Unga wa dukani hautamtibu.

Mjamzito anayemeza vidonge vya madini ya chuma asivimeze pamoja na uji wa oti. Oti, kama nafaka nyingine na maharage, ina fitati inayoyashika madini ya chuma yasiingie mwilini. Atenganishe kwa saa kadhaa, na akimeza ale chungwa au embe.

Anayetumia dolutegravir kwa ajili ya VVU tunamsisitizia jambo hili zaidi, kwa kuwa makopo mengi ya lishe yameongezwa kalsiamu, chuma, zinki na magnesi. Madini hayo yanaweza kuishika dawa isifike kwenye damu ipasavyo. Kanuni ya kawaida ni kumeza dolutegravir angalau saa 2 kabla ya virutubisho hivyo au saa 6 baada yake. Peleka kopo kliniki siku ya kuchukua dawa, mhudumu alisome.

Mwenye ugonjwa wa siliaki, yaani mwili wake haupatani na gluteni iliyomo kwenye ngano, na mwenye mzio wa ngano, wasitumie oti ya kawaida. Hulimwa, husafirishwa na kusagwa mahali pamoja na ngano, hivyo huchanganyika. Wanunue iliyoandikwa kwamba haina gluteni, na mwenye siliaki aanze baada ya kuongea na daktari, kwa sababu wachache wao huumwa hata na oti safi.

Mwenye kisukari achague oti za vipande au zilizopondwa kidogo. Zilizosagwa laini sana na zile za kukoroga kwa maji ya moto hupandisha sukari haraka zaidi. Na kila anayeanza oti aanze kidogo na anywe maji ya kutosha. Nyuzilishe nyingi bila maji huleta gesi, tumbo kujaa na choo kuwa kigumu.

Usafi wa unga: tulichojifunza Karamoja

Mwezi Machi 2019, akina mama na watoto wa Karamoja, katika wilaya kama Amudat na Napak, walianza kuugua baada ya kula uji wa msaada wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Ulikuwa unga wa mahindi na soya ulioongezwa vitamini, uliotengenezwa nje ya nchi. Watu walichanganyikiwa, wakaona mambo yasiyokuwepo, mboni za macho zikapanuka, midomo ikakauka, homa ikapanda. Takriban watu 300 waliugua na 5 wakafariki. Uchunguzi wa maabara ulikuta sumu ya aina ya atropini, ile inayopatikana kwenye mbegu za mnanaha, gugu linaloota mashambani na kuvunwa pamoja na soya. Vitamini ziliandikwa kwenye mfuko. Kilichoua hakikuandikwa.

Hilo linatuhusu hata tunaponunua mfuko mmoja Nakasero. Nafaka ikisagwa huwezi tena kuona mbegu ngeni wala punje iliyooza. Ndiyo maana familia inayoweza kununua punje, ikazichagua kwenye ungo na kupeleka mashineni yenyewe, iko salama kuliko inayonunua unga wa kupima kwenye gunia lililo wazi. Kwa mahindi na karanga hofu kubwa ni aflatoksini, sumu ya kuvu. Kenya, mwaka 2004, iliwapata wagonjwa 317 na vifo 125 kutokana na mahindi yenye sumu hiyo. Kuchemsha hakuiondoi. Unga wenye harufu ya uvundo au ladha chungu utupwe. Usimpe hata kuku.

Oti ina mafuta mengi kuliko mahindi au ngano, na kwa unyevu wa jiji letu huchacha upesi. Nunua pakiti ndogo, ihamishie kwenye chombo kikavu chenye kifuniko kinachobana, iweke mbali na jiko. Ikinuka kama mafuta yaliyokaangiwa mara nyingi, imeharibika hata kama tarehe haijafika.

Mtu akila unga wa lishe kisha akavimba midomo, akakosa pumzi, akachanganyikiwa au akatapika bila kukoma, mkimbizeni kituo cha afya mara moja. Chukueni na mfuko wenyewe, hata ukiwa mtupu, pamoja na uji uliobaki kwenye chombo safi kilichofunikwa. Msioshe sufuria. Mwambieni mhudumu nani mwingine alikula, kiasi gani na saa ngapi, kisha waonyeni majirani walionunua duka lile lile waache kuutumia mpaka majibu yapatikane.