Fundi wa Nyatiti Mtandaoni: Jinsi ya Kuuza Ala Zako kwa Simu na Kulipwa Bila Kuibiwa

Mjomba wangu hutengeneza nyatiti huko Siaya. Mwaka jana mteja alimpata kupitia picha moja tu iliyokuwa ikizunguka kwenye kundi la WhatsApp. Wakakubaliana bei, shilingi 10,000. Baada ya nusu saa simu ikalia. Ujumbe wa malipo ulikuwa na jina la mteja, kiasi sawasawa, hadi salio jipya. Mjomba akaifunga nyatiti kwa gunia na kuipandisha basi la Nairobi. Jioni alipoenda kwa ajenti kutoa pesa, kumbe hakuna kitu. Ujumbe ulikuwa feki, umetumwa kutoka nambari ya mtu wa kawaida. Siku nne za kazi, mti na ngozi, vyote vikaenda hivyo.

Aliniambia, "Mimi na mambo ya mtandao, basi." Nilimwelewa kabisa. Lakini sikukubaliana naye, kwa sababu mtandao ndio uliomletea mteja. Kilichomwangusha ni kwamba aliuamini ujumbe bila kuangalia salio. Hilo linarekebishika. Kwa hivyo somo la leo ni la fundi yeyote anayetengeneza nyatiti, orutu, litungu, obokano, kayamba, chivoti au ngoma, na anataka kuuza kwa simu aliyonayo mkononi.

1. Jua unamuuzia nani

Usianze na kufungua akaunti. Anza na swali hili: nani hununua ala kama yangu? Kwa kawaida wateja ni wa aina tatu.

*Shule na vyuo.* Tamasha la Muziki la Kenya hufanyika kila mwaka, kuanzia ngazi za chini hadi kitaifa, na kuna mashindano ya nyimbo za kiasili na ala za kiasili. Mwalimu wa muziki anatafuta ala zinazokaa kwenye sauti, na anazitaka mapema ili wanafunzi wapate muda wa mazoezi. Ukiposti wiki ya mashindano, umechelewa. Mwalimu pia atahitaji ankara na risiti ili shule imlipe, kwa hivyo kuwa na kitabu cha risiti.

*Wasanii, bendi na vikundi vya kitamaduni.* Hawa wanajua ala. Watakuuliza ngozi ni ya mnyama gani, nyuzi ni za nini, na kama unaweza kutengeneza kwa sauti fulani. Ukiwajibu vizuri mara moja, watarudi na kuleta wenzao.

*Wakenya walio ng'ambo na wageni.* Usiwadharau. Marehemu Ayub Ogada aliibeba nyatiti hadi majukwaa ya Ulaya, na wimbo wake "Kothbiro" ukatumika katika filamu ya *The Constant Gardener* ya mwaka 2005. Msanii wa Kijapani ajulikanaye kama Anyango alikuja hadi huku kujifunza nyatiti, ala ambayo kwa desturi ilipigwa na wanaume. Watu wa mbali wanaijua ala hii. Wasichojua ni fundi yuko wapi.

Chagua kundi moja la kuanzia. Ukizungumza na wote kwa pamoja, hakuna atakayehisi unazungumza naye.

2. Sauti kwanza, picha baadaye

Anayeuza viatu anaweza kuuza kwa picha. Wewe unauza sauti. Picha nzuri ya orutu haimwambii mtu ule uzi mmoja unalia vipi ukipitiwa na upinde. Kwa hivyo posti yako kuu ni video fupi ya sekunde 30 hadi 60.

Huhitaji kamera ya bei ghali. Zingatia haya:

- Rekodi asubuhi na mapema, kabla ya pikipiki na redio za majirani kuamka.
- Epuka chumba kitupu chenye mabati, maana sauti inarudi na kugongana. Chini ya mti au kwenye chumba chenye nguo na mapazia ni afadhali.
- Weka simu kama mita moja kutoka kwa ala. Iegemeze kitu, usimpe mtoto aishike.
- Tuni kwanza. Nyuzi mpya hulegea, kwa hivyo zikaze, zipumzishe, kisha uzikaze tena kabla ya kurekodi.
- Onyesha mikono. Kama ni nyatiti, onyesha na ile pete ya chuma ya kidole cha mguu ikigonga mti. Wengi hawajawahi kuiona, na hapo ndipo wanasimama kutazama.

Baada ya hapo piga picha nne: mbele, nyuma, ngozi kwa karibu, na moja ya mtu akiishika ili ukubwa uonekane. Video za kazi yenyewe (kuchonga, kuwamba ngozi, kufunga nyuzi) nazo zinapendwa sana. Mtu akiona jasho lako, hatakuuliza kwa nini ni bei hiyo.

3. Fanya ukurasa wako uwe duka

Usifungue akaunti tano. Moja ya kuonekana (Facebook, TikTok au Instagram) na moja ya kuuza (WhatsApp Business) zinatosha kwa mwaka wa kwanza. WhatsApp Business ina katalogi: unaweka picha, bei na maelezo mara moja, na kila anayeuliza unamtumia hapohapo.

Kila ala iwe na maelezo haya:

- Jina lake la kwetu. Andika "nyatiti", "litungu" au "obokano", si "ala ya kiasili" tu. Hayo ndiyo majina watu wanayatafuta.
- Idadi ya nyuzi, urefu na uzito.
- Mti, ngozi na aina ya nyuzi. Zamani nyuzi za nyatiti zilikuwa mishipa ya ng'ombe, leo wengi hutumia nailoni. Sema ukweli.
- Hadithi fupi. Kwa mfano, anayeuza ngoma za isukuti anaweza kueleza kwamba densi ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliwekwa na UNESCO mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka.
- Bei.

Ndiyo, bei. Ile tabia ya kuandika "bei njoo inboksi" inafukuza watu. Mwalimu anayetafuta ala za shule saa tano usiku hataki kubembelezana. Anataka kujua kama bajeti inatosha.

4. Bei: hesabu hadi mkono wako

Mafundi wengi wanahesabu mti na ngozi, wanasahau siku zao. Tuchukue mfano (weka bei za kwenu):

- Mti: 1,500
- Ngozi: 800
- Nyuzi: 300
- Msasa na vanishi: 400
- Nauli ya kutafuta vifaa: 500
- Siku 4 za kazi, 1,000 kwa siku: 4,000
- Bando na gharama za malipo: 500

Jumla ni shilingi 8,000. Hapo bado hujapata faida, umerudisha tu jasho na gharama. Ongeza robo, yaani 2,000, upate 10,000. Usafirishaji uwe juu ya mnunuzi na uandikwe kando. Mteja akisema "punguza hadi 6,000", sasa unajua: anakuomba ufanye kazi siku nne kwa nusu ya malipo, na bila faida. Una haki ya kukataa kwa heshima.

5. Malipo: hapa ndipo mjomba alipoumia

*Tenga pesa za biashara.* Usipokee kwenye laini ileile ya kununua unga. Till au Pochi la Biashara itakusaidia. Pochi hutumia laini uliyo nayo, lakini pesa za biashara hukaa kando na zako binafsi. Mwisho wa mwezi utaona ni nini kilichoingia, na rekodi hiyo itakufaa siku utakapotaka mkopo wa kununua mashine.

*Chukua amana.* Kwa ala ya kuagizwa, omba nusu kabla ya kuanza. Kwa bei ya 10,000, amana ya 5,000 inalipia vifaa vyote na sehemu ya kazi. Ukimaliza, mtumie mteja video ya ala yake ikilia, kisha alipe nusu ya pili kabla haijapanda basi. Makubaliano haya yaandikwe kwenye WhatsApp, hata kwa mistari mitatu: ni ala gani, bei gani, itakuwa tayari lini.

*Angalia salio, si ujumbe.* Hili likariri. Ujumbe unaweza kuandikwa na yeyote. Salio haliwezi. Kabla ya kuachilia mzigo, fungua menyu au apu yako mwenyewe, uangalie pesa ziko. Mteja wa kweli hatakasirika kungoja dakika mbili. Anayekuharakisha, "basi linaondoka, tuma tu", huyo ndiye wa kuangalia mara mbili.

*"Nimetuma kimakosa, nirudishie."* Ukipigiwa hivyo, usitume chochote mwenyewe. Angalia kama kweli pesa ziliingia. Kama ziliingia, mwambie afuate utaratibu wa kurudisha muamala kupitia mtoa huduma, ili pesa zirudi mahali zilikotoka.

*PIN ni yako peke yako.* Kupokea pesa hakuhitaji PIN. Mtu wa ng'ambo akikutumia linki "ujaze PIN upokee malipo", mfungie njia.

6. Kutuma: ifike ikiwa nzima, na iwe halali

Legeza nyuzi kabla ya kufunga. Joto la buti ya basi likiongezwa juu ya nyuzi zilizokazwa, ngozi inaweza kupasuka. Funika ngozi kwa kadibodi ngumu, zungushia blanketi kuukuu au sponji, na mikono ya ala isiguse ukingo wa boksi. Piga picha mzigo ukiwa wazi, ukiwa umefungwa, na risiti ya parseli. Mtumie mteja zote tatu.

Kabla ya kukubali oda ya nje ya nchi, jiulize ala yako ina nini ndani.

Zamani orutu iliwambwa ngozi ya kenge. Leo usifanye hivyo. Kenge wote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na hapa nyumbani kuna Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013. Kuuza bidhaa ya mnyamapori bila kibali kunaweza kukupeleka kortini. Tumia ngozi ya mbuzi au ng'ombe, na uandike hivyo kwenye katalogi.

Kayamba nayo ina mbegu. Nchi kama Australia na New Zealand hukagua mbegu, mbao na ngozi kwa ukali sana, na mzigo unaweza kuzuiwa au kuharibiwa. Mwombe mteja aulize masharti ya nchi yake kwanza, nawe uliza KEPHIS kuhusu cheti cha afya ya mimea. Haya yote yafanyike kabla ya amana, si baada.

7. Kazi ya wiki hii

- Jumatatu: chagua ala moja iliyo bora zaidi na uitengenezee hesabu ya bei.
- Jumanne: rekodi video moja na picha nne.
- Jumatano: fungua WhatsApp Business, weka ala hiyo kwenye katalogi.
- Alhamisi: sajili Till au Pochi. Jitumie shilingi kumi kutoka laini nyingine uone zinavyoingia.
- Ijumaa: posti video. Itume pia kwa walimu watatu wa muziki unaowafahamu.
- Jumamosi: jibu kila swali, hata la anayeuliza tu.
- Jumapili: pumzika, au piga nyatiti.

Mjomba je? Alinuna miezi miwili. Kisha mwalimu mmoja akanipigia kuulizia nyatiti tatu za shule. Nilimpa mjomba simu, nikakaa kando. Aliomba amana. Ujumbe ulipoingia hakusema kitu. Akavaa miwani, akafungua menyu mwenyewe, akasoma salio polepole, kwa sauti. Ndipo akachukua shoka akaenda kutafuta mti.